Nyuki Waliingia, Nikaacha Dawa

Mimi si mwandishi, ni mrina asali. Naandika kwa sababu nesi wa kliniki ya kifua kikuu aliniomba nizungumze na wagonjwa wapya, na kila nikisimama mbele yao nafika mahali pa Kabula sauti inakwama. Karatasi haikwami. Basi nyie mnaokaa sasa kwenye lile benchi, barakoa usoni na bahasha ya kaki mapajani, someni. Mimi nilipona, hilo nalisema mapema ili msipoteze muda kujiuliza. Kabula hakupona, na aliacha dawa kwa sababu alinisikiliza mimi.

Naishi Nsemulwa, hapa hapa Mpanda mjini, ila mizinga yangu iko Ugalla, upande ule ule wa pori ambako marehemu baba alikuwa akitundika yake. Sisi ni Wakonongo. Kwetu mtoto wa kiume anajua kupanda mti na kienge cha moto mkononi kabla hajajua kuandika jina lake. Kanisani mimi ni mzee wa kanisa, maana yake kila Jumapili nakaa mstari wa mbele na watu wote wanajua shati langu lilipigwa pasi au halikupigwa. Leo nalisema hilo kwa kujicheka. Wakati ule niliona ni cheo.

Kikohozi kilianza mvua za mwisho zilipokuwa zinakatika. Nikasema ni moshi. Mrina asali akikohoa anasingizia moshi, na hakuna mtu wa kumbishia. Nikakohoa mwezi mzima. Suruali ikaanza kuteleza, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda, halafu la pili, halafu la tatu. Asubuhi shuka langu ungedhani limetolewa mtoni. Mke wangu, Mama Esta, ni Mfipa, na hajui kuzungusha maneno. Siku moja aliniwekea kitambaa changu juu ya meza, kile nilichokuwa nimekificha nyuma ya jiwe la kufulia, akaniambia moshi hautoi damu. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi aliniumbua mke kwanza, na hata sasa namshukuru.

Benchi letu mnalijua. Liko nje, chini ya banda la bati lisilo na kuta, limetengwa na wagonjwa wa malaria na wajawazito ili upepo upite. Wapita njia wakifika pale wanaziba pua, wengine wanajifanya wanajikuna tu. Mara ya kwanza nilikaa pale nimeinamisha kichwa, kofia imenifunika macho, naomba asipite mtu wa kanisani. Wakapita wawili. Wakanisalimia kwa mbali, "Bwana asifiwe mzee," na mwendo wao ukaongezeka.

Nikapewa dozi ya miezi sita. Kila asubuhi vidonge kabla ya kula, halafu kichefuchefu mpaka saa nne. Mkojo ukawa na rangi ya soda ya machungwa, na mara ya kwanza nilipouona nilimwita mke wangu kwa hofu. Nyumbani kikombe changu kikapata msumari wake ukutani. Nikahamishiwa chumba cha uani chenye dirisha kubwa. Binti yangu wa mwisho, Zawadi, aliyekuwa amezoea kunipanda mgongoni, akawa ananipa shikamoo akiwa mlangoni, halafu anasimama pale pale ananiangalia. Mama yake alikuwa amemchorea mstari kwa mkaa asiuvuke. Mtoto aliutii mstari ule kuliko sisi tunavyozitii amri kumi, na mimi iliniuma sana.

Kabula nilimkuta benchini mwezi wa nane. Binti wa Kisukuma, wazazi wake walihamia Magamba na ng'ombe zamani kidogo, yeye akakulia huko. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike aliyekuwa akimwacha kwa bibi yake siku za kliniki. Alikuwa mwembamba kama sisi wote, lakini mdomo wake haukuwa umekonda hata kidogo. Benchi aliliita kanisa la wakohoaji. Nikikohoa aliniuliza, "Mzee, huo ni wimbo namba ngapi?" na watu wenye barakoa wakacheka mpaka wakaanza kukohoa kweli. Nikaja kujua anaimba kwaya katika tawi la kanisa letu kule Magamba. Tangu hapo nikawa naisubiri siku ya kliniki kwa sababu ya yule binti na utani wake. Kuna rehema ndogo ndogo ambazo mtu hazihesabu mpaka zimeondoka, na ile ilikuwa mojawapo.

Nilipomaliza miezi miwili nikapimwa tena makohozi. Nesi, mama mmoja mtulivu, akasoma karatasi akaniambia, "Makohozi yako ni safi. Lakini ugonjwa umelala tu, haujaisha. Dozi iendelee mpaka utimize miezi sita." Yashikeni maneno hayo yote. Mimi nilishika nusu ya kwanza.

Sasa niwaambie nilivyofika porini na maombi yangu ya kijinga, maana hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Kanisani kwetu kabla ya mahubiri kuna nafasi ya ushuhuda. Mtu anasimama, anasalimia, anasema Bwana alivyomtendea, watu wanapiga vigelegele. Jumapili baada ya Jumapili nilikuwa nakaa mstari wa mbele nawasikia: huyu mgongo umenyooka, yule uvimbe umeyeyuka. Na mimi, mzee wa kanisa, ninayewawekea wengine mikono, nina vidonge kwenye mfuko wa shati. Hakuna aliyenisema. Ni mimi mwenyewe niliyejisema. Niliona Mungu ananiaibisha. Nilitaka na mimi kitu cha kuonyesha, na kama ningekuwa mkweli siku zile ningekubali kwamba nilitaka kukionyesha kwa watu zaidi ya nilivyotaka kupona.

Mwezi wa tisa nguvu zikarudi kidogo, nikaenda Ugalla kwa pikipiki nikiwa na mzinga mpya wa gogo. Nikaupaka nta ndani na mdomoni, kama tunavyofanya siku zote, maana nyuki hufuata harufu ya nta. Kijana wa kijiji cha jirani akanisaidia kuupandisha juu ya mti, akaondoka. Nikapiga magoti pale chini, majani makavu yakinichoma, nikasema: Bwana, nyuki wakiingia katika mzinga huu kabla ya mvua ya kwanza, nitajua umeniponya, na dawa naacha.

Nimekulia porini. Najua kwamba mwezi wa tisa na wa kumi miombo inachipua majani mekundu, maua yanafunguka, na makundi ya nyuki yanatafuta nyumba. Najua mzinga uliopakwa nta wakati huo ukikaa mtupu ndiyo ajabu. Mtoto wa Kikonongo wa miaka saba angenicheka. Lakini siku ile nilikuwa kama sijui. Nilimwomba Mungu ishara, na chambo nilikuwa nimeshakipaka kwa mkono wangu mwenyewe.

Baada ya wiki tatu nikarudi. Kabla sijaufikia mti nilishasikia mvumo. Wameingia, wengi, wanapishana mlangoni. Nililia pale chini kama mtoto. Machozi yale yalikuwa ya kweli, nataka mjue hilo, maana mtu anaweza kujidanganya na machozi ya kweli yakamtoka.

Nikarudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Baba Esta, Mungu hajakwambia uache dawa. Waliokwambia ni nyuki."

Nikamkemea. Nikamwambia imani yake ni ndogo, na kwamba mwanamke asiyeamini anaweza kuzuia baraka za nyumba. Aliinuka na ungo wake akaenda kumalizia uani. Pakiti za dawa zilizobaki alizichukua akazihifadhi kwenye ndoo ya unga, akitegemea akili itanirudia. Haikunirudia.

Mchungaji wetu si mtu wa papara. Nilipomwambia nina ushuhuda aliniita pembeni akauliza, "Mzee, na daktari anasemaje?" Nikamjibu, wamenipima makohozi, wamesema ni safi. Kila neno lilikuwa la kweli, na jibu zima lilikuwa uongo. Yeye akafurahi, akanipangia Jumapili ambayo matawi yote yangekusanyika mjini.

Siku hiyo kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Nikasimama, nikasimulia mzinga, nikasimulia nyuki, nikasema na hospitali wamethibitisha mimi ni mzima na sasa simezi chochote. Ile nta sikuitaja. Vigelegele vilivyopigwa sijawahi kupigiwa hata siku ya harusi yangu. Mama Esta alikuwa amekaa upande wa akina mama, mikono mapajani, hakupiga makofi.

Baada ya ibada Kabula alinijia pale nje. Alikuwa amevaa sare ya kwaya, imemzidi mwili. Siku hiyo hakutania. Alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, kwa heshima, akaniuliza, "Mzee, kweli hospitali wamesema umepona?"

Nikamwambia, "Kweli, mwanangu."

Nilikuwa na nafasi. Hapakuwa na mtu mwingine karibu, hapakuwa na kipaza sauti wala vigelegele. Ilikuwa ni kusema tu, "Hapana, wewe endelea kumeza." Ningeaibika mbele ya mtu mmoja, basi. Badala yake nikamtazama yule mtoto wa watu machoni nikamdanganya mara ya pili.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri kweli. Nikanenepa. Kichefuchefu hakuna. Mstari wa mkaa ukafutwa, Zawadi akanipanda mgongoni. Mvua zikaanza, nikapanda mahindi. Krismasi nilibeba mabenchi ya kanisa mwenyewe ili watu waone.

Mwezi wa kwanza ukaisha nikiwa nakohoa. Safari hii sikuwa na moshi wa kusingizia, maana mvua ilikuwa inanyesha kila siku na porini sijaenda. Nikajifunika shuka nikakoholea kwenye mto. Nikafunga siku tatu, nikaomba. Siku ya nne nikatema damu kwenye beseni, nyingi. Mama Esta hakusema "nilikwambia". Alinivalisha koti la mvua, akanipandisha kwenye bajaji, akakaa kando yangu akiwa ameshika beseni mapajani kama mtu anayepeleka mboga sokoni.

Majibu yalichukua siku kadhaa. Walisema ni TB sugu, ile ambayo dawa za kwanza haziiwezi tena. Nesi aliniuliza kwa nini niliacha, nikasema nilisafiri. Nikajibu hivyo bila hata kufikiri. Halafu, kwa sababu nilikuwa natafuta kitu cha kusema, nikamuuliza yule binti wa Magamba mwenye utani anaendeleaje.

Nesi akaweka kalamu chini. Akaniambia Kabula amefariki, wiki mbili zilizopita. Alikuwa ameacha dawa tangu Oktoba. Wahudumu walimfuata Magamba mara tatu kwenye matope, na kila mara aliwajibu ameshapona, kwamba yuko mzee wa kanisa aliyemeza nusu tu na hospitali wenyewe wakathibitisha ni mzima. Alipokubali kuletwa alikuwa amebebwa. Nesi alikuwa anatikisa kichwa, anauliza ni mzee gani huyo anayeweza kufanya jambo la namna hiyo. Hakujua anamuuliza nani. Nami sikumwambia.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi letu. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka huwezi kusikia mtu wa pembeni. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Langu mimi nililichuma, wakala watu wa Magamba.

Wakaniweka wodi ya pembeni. Kuhusu dawa za TB sugu sitawadanganya, kuna mtu ataniuliza. Ni nyingi, na zinachosha. Ngozi yangu ilibadilika, ikawa nyeusi yenye wekundu, hata ndugu yangu alipokuja kuniona alinipita akaenda kitanda kingine. Nyayo ziliwaka, nikitembea naona kama nimekanyaga majivu ya moto, halafu baadaye zikafa ganzi nikawa napoteza kandambili bila kujua. Chakula kilikuwa na ladha ya misumari. Mama Esta alikuja kila siku na uji, anakaa nje ya dirisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu ndani hakuruhusiwa kukaa sana. Watoto walipimwa wote. Zawadi alikutwa salama. Mke wangu aliponiambia hilo alilia, na ndiyo mara ya kwanza niliona ni mzigo gani alikuwa ameubeba kimya kimya tangu siku ya ungo.

Siku hiyo hiyo nikamwambia habari za Kabula. Yote, pamoja na swali aliloniuliza amenishika mkono na jibu langu. Akachukua chupa yake ya uji akaondoka. Siku tatu uji uliletwa na jirani.

Katika siku hizo tatu nilirudi kwenye ujinga wangu wa zamani. Nilitubu, ndiyo, uso umeelekea ukutani, lakini kila nilipomaliza nilisema: Bwana, nionyeshe kama umenisamehe. Mke wangu akirudi kesho nitajua. Homa ikishuka jioni nitajua. Nesi akinitabasamia kwanza kabla ya wengine nitajua. Homa haikushuka. Nesi alimtabasamia mzee wa kitanda cha mlangoni.

Siku ya nne Mama Esta akaja, akakaa kwenye ndoo yake. Nikamwambia namwomba Mungu anipe ishara kwamba nimesamehewa na sijaiona. Akasema, "Wewe bado unatundika mizinga. Unataka Mungu akuonyeshe nini? Kosa unalijua, uliyemkosea unamjua, na kwao unakujua."

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi. Hakuna lililonikaa kifuani kama hilo la nje ya dirisha. Mungu hakuwa amenificha kitu. Nilichotakiwa kufanya nilikuwa nakijua tangu siku ile mvua inapiga bati, na kudai ishara ilikuwa njia yangu ya kuchelewa.

Hata hivyo nilichelewa. Kiangazi kilipoingia makohozi yakawa safi, nikaruhusiwa kulala nyumbani, dawa zikiendelea. Nikamwambia mchungaji ukweli wote. Aliinama, akasema naye ana sehemu yake, kwamba angetakiwa kuomba kuona karatasi. Akanishauri nisimame niwaonye watu, ila kwa ujumla, nisiiumize familia ya marehemu. Nikalipenda sana neno "kwa ujumla". Jumapili ile nikasimama na ngozi yangu mpya, nikasema, ndugu, tusiache dawa, mimi nilikosea nikaacha, nikaumwa tena. Watu wakasema Amina. Mama mmoja akanipa mkono. Nikatoka nimepungukiwa mzigo, nikaona sasa naweza kwenda Magamba.

Mama Kabula nilimkuta anapiga mahindi kwenye turubai, mjukuu wake kando yake anaokota punje zilizoruka. Mtoto ana miaka minne hivi, ana uso wa mama yake. Nilipojitaja, yule mama alimwambia mtoto aende kwa jirani. Alinipa kiti, kwa sababu ni mtu mwenye adabu, yeye akabaki amesimama na fimbo ya kupigia mahindi mkononi. Nikamwambia pole. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, na kwamba kanisani nimeshasimama nikakiri nilikosea.

Akaniuliza, "Ulisema ulimkosea nani?"

Nikainamia punje zilizokuwa miguuni pangu.

Ndipo akanisimulia. Kwamba Kabula alirudi Jumapili ile anaimba njia nzima. Kwamba yeye, mama, alimwambia meza dawa, mpaka alimpigia magoti, mama akampigia magoti mwanawe. "Akaniambia, mayu, mama yangu, nimemuuliza mwenyewe, amenijibu kwa mdomo wake. Yule mzee hawezi kudanganya. Mpaka anakata roho hakukusema vibaya. Alidhani imani yake ndiyo imepungua. Mwanangu alikufa anajilaumu yeye."

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Kwamba amekufa nilikuwa najua. Hili la kufa anajilaumu sikulijua. Nilishuka kwenye kile kiti nikakaa chini kwenye turubai, katikati ya mahindi, nikalia.

Hakuniinua. Alisubiri nimalize kulia, akasema msamaha wangu hautaki, hana pa kuuweka. Anachotaka ni kwamba nirudi pale pale niliposimama siku ya vigelegele, matawi yote yakiwepo, nimtaje mwanawe kwa jina, niseme hakuwa na upungufu wa imani, niseme alidanganywa na nani. Akainua fimbo yake akaendelea kupiga mahindi. Nikaondoka.

Matawi yangekusanyika tena baada ya wiki tano. Wiki tano hizo nilizihesabu kwa vidonge. Mchungaji alinikumbusha kwamba nitaondolewa uzee wa kanisa, nikamwambia sawa. Shemeji yangu akasema nitaipaka nyumba matope, watoto wa kike hawataolewa. Mama Esta akasema wataolewa na watu wanaojua baba yao ni nani. Mimi niliomba sana, ila safari hii sikumwekea Mungu masharti. Sikumwomba watu wanielewe. Sikumwomba yule mama alainike. Niliomba miguu yenye ganzi initoe kwenye benchi mpaka mbele, basi. Na niwaambie ukweli, sikujisikia chochote. Hakuna amani iliyonishukia, hakuna joto kifuani. Asubuhi hiyo nilimeza dawa zangu, nikatapika kidogo kama kawaida, nikavaa shati.

Kanisa lilijaa. Mama Kabula alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, amejifunga khanga kichwani, amempakata mjukuu.

Nikasimama. Sikusalimia "Bwana asifiwe", niliogopa watajibu kwa furaha. Nikasema mwaka jana nilisimama hapa nikatoa ushuhuda wa uongo. Nikasema hospitali hawakuniambia nimepona, waliniambia niendelee na dawa, nami nikaficha nusu ya maneno yao ili mnipigie vigelegele. Nikasema mzinga niliupaka nta mwenyewe. Wachache, Wakonongo wenzangu, waliinamisha vichwa, maana walielewa kabla sijamaliza. Nikasema kuna binti aliniuliza uso kwa uso nikamdanganya, akaacha dawa, akafa. Nikasema, "Anaitwa Kabula. Imani yake haikupungua hata kidogo. Alimwamini Mungu, akaniamini na mimi. Aliyekosa ni mimi, si yeye."

Hakuna aliyesema Amina. Mtoto mmoja alikohoa, mama yake akamziba mdomo. Mchungaji alikuwa anatazama sakafu. Nikabaki nimesimama kwa sababu sikujua nimalizie na nini, na sikutaka kumalizia na wimbo.

Ndipo Mama Kabula akasimama kule nyuma, na mjukuu begani. Watu wote wakageuka. Hakunitazama mimi. Alilitazama kanisa, mstari kwa mstari, mpaka akahakikisha kila mtu anamwona.

"Kabula ni mwanangu," akasema. "Mmesikia."

Akakaa. Nami nikarudi, nikaupita mstari wa mbele, nikatafuta nafasi kwenye mabenchi ya katikati, nikakaa.